Samaki Hakupanda Juu kwa Njaa

Juzi Neema alinipigia simu. Ni msichana mwenye saluni pale Masisi-centre, mtoto wa rafiki yangu wa kwaya. Ndani ya saluni ameweka akwariyomu, sanduku la kioo lenye samaki sita wekundu aliowatoa Goma, ili wateja wapate cha kutazama wakisukwa nywele.

"Mama Mbisi," akasema, "samaki zangu ziko juu tangu asubuhi. Zinafungua kinywa, zinafunga, zinafungua. Naona ziko na njaa. Nimezitupia mukate, zinakataa."

"Toa mukate yote kwanza," nikamwambia. "Halafu njo tutaongea."

Mbisi ni samaki kwa Kilingala, na jina hilo nililipata kazini. Nilikuwa monitere wa samaki kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilitembea kilima kwa kilima, kutoka Mushaki hadi Kashebere, nikifundisha watu kuchimba mabwawa, kuyatunza, na kuvuna tilapia bila kugombana. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Sasa magoti yamekataa milima, niko nyumbani na sungura wangu, na nyinyi vijana mlioshika kazi hii ndio mnaonipigia simu. Napenda mnavyonipigia. Ila swali ni lilelile la Neema: kwa nini samaki wanapanda juu wakihema? Na jibu mnalokuja nalo tayari ni lilelile pia, kwamba wana njaa.

Nataka niwaeleze vizuri, maana neno hilo "njaa" nililitamka mimi mwenyewe siku moja, kwa sauti ya mtu anayejua, na mwanamke mmoja nusura afukuzwe nyumbani kwake.

Kwanza samaki mwenyewe. Anahitaji hewa kama sisi, ila yake ni ile iliyochanganyika na maji. Hewa hiyo huingia kupitia uso wa maji, pale upepo unapogusa, pale mvua inapopiga, pale mfereji unapoanguka kwa kelele. Bwawani kuna pia vijimea vidogo vya kijani ambavyo mchana, jua likiwaka, huongeza hewa nyingine. Giza likiingia, vijimea hivyohivyo huanza kuila hewa pamoja na samaki, na samadi inayooza chini inaila pia. Ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya. Hewa ikiisha kule chini, samaki hupanda kuyatafuta maji ya juu kabisa, yale membamba yanayogusana na upepo. Haombi chakula. Ukimtupia chakula hakili, kinaoza, na kitu kinachooza kinamaliza hata ile hewa kidogo iliyobaki.

Kwa Neema kosa lilikuwa mafuta. Pale saluni wanapuliza mafuta ya nywele siku nzima, na matone yake yalitua juu ya maji yakayafunika kama kifuniko cha sufuria. Mashine yake ya kupiga mapovu ingeweza kuyapasua, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Nikamwambia alaze karatasi safi juu ya maji, aivute polepole itoke na mafuta, apunguze maji theluthi moja, kisha amimine mengine kwa kopo, kutoka juu, yaanguke kwa sauti. Na sanduku alitoe dirishani, kwa sababu maji yenye joto hushika hewa kidogo. Jioni akanitumia picha. Samaki sita walikuwa chini kati ya mawe, wakiendelea na mambo yao.

Mimi wakati wangu sikuwa na simu. Nilikuwa na Papa Kubuya.

Papa Kubuya alikuwa mtu wa Kashebere, kule Walikale inakoanza na msitu unakoanza kubana barabara. Alikuwa mrefu, mpole, na kofia yake ya sufu haikutoka kichwani hata jua lipasue mawe. Kando ya kijito alikuwa na mabwawa madogo ya kuzalishia, na vifaranga vya samaki vya eneo lote la kwetu vilitoka kwake. Mara ya kwanza nilipotumwa kuchukua vifaranga, nilijaza bidoni, dumu la plastiki, maji hadi juu kabisa, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikijiona mwangalifu kuliko watu wote. Yeye siku hiyo alikuwa shambani, hakuniona. Nilipofika Mushaki na kufungua, vyote vilikuwa vimekufa. Nikarudi kwake na bidoni ileile, kwa aibu. Akachungulia ndani.

"Umeniletea supu," akasema. Halafu akachukua bidoni nyingine, akatia maji theluthi tu. "Hii ingine yote iko ya hewa. Barabara ikitikisa pikipiki, maji inarukaruka, hewa inaingia. Barabara mubaya njo muzuri kwa samaki."

Hiyo ndiyo sentensi pekee niliyowahi kusikia ikiisifu barabara yetu.

Alinifundisha pia kutovilisha vifaranga siku moja kabla ya safari, ili visichafue maji, na kufunika bidoni kwa majani ya mgomba yaliyolowa. Hakuwahi kunigombeza. Nadhani ndiyo sababu nilikuja kwenda kwake siku ile nilipoharibu jambo kubwa kuliko bidoni.

Karibu na Muheto alikuwepo mjane aliyeitwa Mama Riziki. Bwawa lake lilichimbwa na mumewe kabla hajafariki, na mavuno ya mwaka ule aliyatazamia kwa karo ya mtoto wake wa kwanza, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Nilipopita mara ya kwanza, maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka tope. Nikamwambia samaki watakonda, atie samadi ya ng'ombe maji yapate rangi ya kijani. Akatia. Nilipopita mara ya pili yalikuwa ya kijani vizuri, nikafurahi kupita kiasi, nikasema aongeze.

Kisha mawingu yakashuka juu ya vilima, tukakaa siku nne bila kuona jua. Siku ya soko Mama Riziki alinikuta barabarani, pikipiki ikiunguruma, motari anayeniendesha ananisubiri.

"Mama Monitere," akasema, "asubuhi samaki zote zinapanda juu, kinywa wazi. Ni nini?"

"Ni njaa, mama. Ongeza pumba, na samadi ndoo mbili."

Bwawa lake lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Sikwenda kuliona. Nilipanda pikipiki nikaenda zangu.

Siku ya tatu yake niliitwa. Nilipofika, ukingo wote ulikuwa umejaa watu. Samaki walielea matumbo juu, weupe, midomo wazi. Mama Riziki alikuwa amekaa kwenye nyasi, viatu mkononi, kama mtu aliyeanza safari akasahau anakwenda wapi. Na neno lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Sumu.

Mwenye kutajwa alikuwa Mama Sifa, jirani wa upande wa juu. Wanawake hao wawili walikuwa wamegombana kwa miezi kwa sababu ya mabata wa Mama Sifa, waliokuwa wakishuka kuogelea bwawani na kubomoa ukingo. Jioni ya kabla samaki hawajafa, mtu alimwona Mama Sifa akiosha sufuria pale mfereji unapoingilia. Basi, kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Mama Riziki akaniinulia uso. "Wewe njo unajua samaki. Hii ni sumu?"

Nilisikia harufu ya samadi iliyooza. Niliona pumba niliyomwagiza ikielea kandokando, haijaguswa. Watu walisogea kunisikiliza.

"Sijui," nikasema.

Nimesema uongo mwingine maishani, wa kuficha umri na wa kusifu mboga mbaya. Huo ndio pekee unaonirudia. Nilirudi Mushaki, nikajiambia kwamba maneno ya watu huchoka yakapoa. Hayakupoa. Motari yuleyule ndiye aliyenipa habari: watoto wa Mama Sifa wanasukumwa kwenye chemchemi wasichote na wenzao, na shemeji zake wamesema kwamba Jumapili, baada ya misa, chifu atasikiliza, na Jumatatu mwanamke atarudishwa kwao. "Amekwisha kufunga vitu vyake," motari akasema, kama anavyosema habari ya bei ya petroli.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Kashebere.

Papa Kubuya alikuwa akishona wavu. Nilianza kwa kuulizia vifaranga, nikaulizia mvua, nikaulizia mke wake. Akaniacha nizunguke mpaka nikachoka, nikamweleza yaliyotokea kwa Mama Riziki kana kwamba mimi sikuhusika.

"Nani ilianza kufa," akauliza, "mikubwa ao midogo?"

"Mikubwa. Midogo ingine bado inaogelea."

"Na vyura?"

"Viko. Vinalia."

"Sasa sikia," akasema. "Mimi nimekomea ndani ya sumu, tangu utoto. Bibi yangu na dada zake walikuwa wanaponda majani ya pori, wanatia mutoni wakati maji ni kidogo. Samaki inalewa, sisi watoto tunaokota. Sumu inaanza na kitu kidogo. Inaua viluwiluwi, inaua wadudu ya maji, samaki mukubwa njo wa mwisho. Na haina saa yake, mutu akitia mchana, mchana itaua. Lakini hewa ikikosekana, ni mukubwa njo anatangulia, sababu anahitaji mingi. Na ni asubuhi. Midogo inabakia kunywa ile kidogo ya juu."

"Kwa hiyo haikuwa sumu."

"Hapana. Ilikuwa nini?"

Hakuniangalia. Aliendelea kuingiza sindano kwenye wavu, tundu baada ya tundu.

"Ilikuwa mimi," nikasema. "Nilimwambia atie samadi. Aliponiambia wanapanda juu, nilimwambia ni njaa. Sikwenda hata kuona."

"Basi uende uwaambie."

"Hawatanisadiki. Watasema namutetea Mama Sifa."

"Masikio yao haitasadiki. Macho itasadiki. Wewe utasema, mimi nitashika kopo."

Alichotaka ni kioo. Ndani ya beseni, alisema, watu hawaoni kitu, wanaona mgongo tu. Nikakumbuka kwamba pale Mushaki, kwenye shule ya sekondari, kulikuwa na akwariyomu ya masomo ya biolojia, kona moja imegandishwa kwa gundi, na ndani mwalimu alikuwa anahifadhia chaki. Mkuu wa shule alinipa baada ya kunisainisha karatasi. Jumamosi nikaipakata juu ya pikipiki, imefungwa blanketi, motari akilalamika njia nzima kwamba haoni kwenye kioo chake cha pembeni. Kwenye kizuizi kimoja askari akatusimamisha.

"Ndani iko nini?"

"Hewa," nikasema, maana nilikuwa na hofu na sikuweza kufikiri.

Akafunua blanketi, akatazama muda mrefu. "Kweli," akasema, akatuacha tupite.

Jumapili Papa Kubuya alinikuta pale Muheto, alikuwa ametoka Kashebere siku iliyotangulia. Kabla ya misa tulishuka bwawani, tukachota maji mazito ya chini yenye samadi, tukakamata samaki wadogo ishirini na zaidi kati ya wale waliobaki hai, tukawabana wote ndani ya kile kioo. Tukakiweka juu ya meza kwenye uwanja wa kanisa. Watu walipotoka misani walikizunguka kabla hata chifu hajakaa. Wengi hawakuwahi kumwona samaki kwa ubavu, akiwa hai.

Mama Sifa alisimama peke yake karibu na ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu anayelima kila siku. Hakulia wala hakujitetea.

Chifu akanipa nafasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kitaalamu, ya kujificha nyuma yake. Yote yakanitoka.

"Mama Riziki aliniuliza kama ni sumu, nikasema sijui," nikasema. "Nilijua. Samaki zake zilikosa hewa. Ni mimi nilimwambia atie samadi mingi. Zilipoanza kupanda juu, nilimwambia ni njaa, aongeze tena. Mama Sifa hakutia kitu. Ni mimi."

Kukawa na kunong'ona. Shemeji mmoja wa Mama Sifa akasema kwa sauti: "Monitere wamemulipa nini?"

Wakati huo ndani ya kioo samaki walikuwa wameanza. Mmoja akapanda, kisha watatu, kisha wote, midomo kwenye uso wa maji, ikifunguka na kufunga, matamvua yakipigapiga. Ilikuwa picha ileile ambayo Mama Riziki aliiona asubuhi nyingi. Alisogea mbele mpaka pua ikagusa kioo.

"Hivi," akasema polepole. "Zilikuwa zinafanya hivi."

"Nani ametia sumu humu?" Papa Kubuya akauliza. "Munaniona nikitia kitu?"

"Maji yenyewe ilikuwa na sumu tayari," shemeji akajibu.

Nilikiri moyoni kwamba ni jibu zuri. Papa Kubuya pia alilipenda, nilimwona akitabasamu. "Sawa," akasema. "Maji tutaacha ileile. Hatutaongeza mengine, hatutatoa." Akachukua kopo, akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Mama Sifa, kuja."

Hakusogea. Akaitwa mara ya pili, chifu naye akamtikisia kichwa, ndipo akaja. Papa Kubuya akamwonyesha: achote maji ya ndani ya kioo, ainue kopo hadi usawa wa kichwa, ayarudishe yakianguka kutoka juu. Achote tena. Arudishe tena.

Akaanza. Kopo la kwanza, la tano, la kumi. Hakuna kilichobadilika. Watu wakaanza kutazamana, na mimi nikaanza kuhesabu makopo, maana samaki hawafuati ratiba ya misa. Mama mmoja wa kwaya akaanza kuimba taratibu, labda kwa sababu kimya kilimshinda. Mama Sifa akachota, akainua, akarudisha. Mkono mmoja ulipochoka, akashika kopo kwa mwingine. Ilichukua muda kama wa mahubiri mafupi. Kisha samaki mmoja akafunga mdomo, akageuka, akashuka. Wengine wakamfuata, sio wote, lakini wengi, wakaenda kuzunguka katikati ya maji yaleyale ya bwawa, yenye samadi ileile.

Hakuna aliyepiga makofi. Chifu alisimama, akazunguka meza, akatazama kila upande wa kioo, akamgeukia yule shemeji. "Sumu inatoka kwa kutikisa maji?" akamuuliza. Chifu akasema kesi imekwisha, na mtoto yeyote atakayezuiwa kuchota maji, baba yake atakuja kumweleza yeye.

Mama Riziki alimwendea Mama Sifa, akamshika mikono yote miwili, ikiwa bado imelowa. "Unihurumie, dada," akasema. Mama Sifa akamwitikia. Mimi aliponipita hakunitazama.

Mama Riziki alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Papa Kubuya alimletea vifaranga vingine, na mimi kwa mwezi mzima nilishuka bwawani kwake asubuhi kutoa tope na samadi kwa koleo, tukapanua na mdomo wa mfereji ili maji yaanguke badala ya kuteleza. Mtoto wake alichelewa mwaka mmoja kumaliza shule. Huo mwaka ni wangu, siwezi kuutoa kwenye kazi yangu nikihesabu mema niliyofanya.

Mama Sifa hakuitikia salamu yangu kwa zaidi ya mwaka. Nilipita mlangoni pake, nikasalimu, mabata ndio wakanijibu. Papa Kubuya aliniambia nisiache kusalimu, na nisimlazimishe. Sikuacha.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama barabarani, jembe begani. Nilidhani amekuja kunitolea yote aliyoyaweka moyoni. Akanionyesha kipande cha bonde chini ya shamba lake.

"Nataka kuchimba ya kwangu," akasema. "Unifundishe."

Nikamwambia nitafurahi, nitakuja kila wiki.

"Kuja," akasema. "Lakini nitakusadiki nusu. Nusu ingine nitashuka kuangalia mwenyewe, kila asubuhi, mbele jua haijatoka."

Na ndivyo alivyofanya. Vijana wangu, nimefundisha watu wengi vilimani huku, wenye diploma na wasio nayo, na hakuna mwenye bwawa aliyenizidi mimi mwenyewe isipokuwa Mama Sifa. Nilipostaafu, wakubwa waliniuliza ni nani atakayewaonyesha wapya kazi. Nikawapeleka kwake kwa miguu, dakika kumi kutoka barabarani, na tulipofika hakuwepo nyumbani. Alikuwa chini bwawani, amechuchumaa ukingoni, anayatazama maji.